Ofa Ndogo Mezani: Uuze Nyumba au Usubiri?

Tangazo lako lilisema: nyumba inauzwa, vyumba vitatu, kimoja masta, ndani ya fensi, umeme na maji vipo, milioni 120, maongezi yapo. Wiki za mwanzo simu zililia. Watu walikuja, wakafungua mabomba, wakagonga kuta, wakapiga picha na kuondoka na ahadi ya "tutawasiliana". Baadaye kimya. Mwezi wa tatu dalali anapiga: "Mama, mteja ninaye hapa, yuko siriasi, ana milioni 95 keshi. Nimwambieje?"

Hapo wauzaji wengi hujibu kwa hasira au kwa njaa. Mwenye hasira husema nyumba yake si ya kutupa, akakata simu. Mwenye njaa husema mlete leo leo kabla hajabadili mawazo. Wote wawili wamejibu kabla ya kupiga hesabu, na nyumba kwa wengi wetu ndiyo mali kubwa kuliko zote tutakazowahi kuuza.

Makala hii inashikilia jambo moja: ofa ndogo haipimwi kwa bei uliyoitangaza, wala kwa fedha uliyojengea. Inapimwa kwa kile utakachobaki nacho mkononi ukiikataa. Ukilielewa hilo, kuna ofa za kukera utakazozipokea kwa shukrani, na kuna nyingine zinazoonekana nzuri ambazo utazikimbia.

Bei zinazokupotosha

Bei ya kwanza inayopotosha ni ya kwenye tangazo. Hiyo uliipanga wewe, pengine kwa kuongeza kidogo ili mteja apate pa kupunguza. Mtu akitaja 95 dhidi ya 120, unahisi amekunyang'anya milioni 25. Lakini milioni 25 hizo hazikuwahi kuwa zako. Zilikuwa matumaini yaliyoandikwa kwenye tangazo.

Ya pili ni gharama ya ujenzi. Watu wetu hujenga taratibu: msingi mwaka huu, lenta mwaka ujao, kupaua baada ya miaka miwili. Kila mfuko wa saruji una kumbukumbu yake, na aliyekuwa akituma fedha kutoka Muscat au Minneapolis anakumbuka zamu za usiku zilizolipia marumaru. Mnunuzi hanunui kumbukumbu hizo. Anaangalia nyumba nyingine anazoweza kupata kwa fedha yake, na kama jirani anauza inayofanana kwa milioni 100, jasho lako halimhusu. Kinyume chake pia ni kweli: kama kiwanja ulikinunua kwa bei ya bure na sasa lami imefika mlangoni, usikubali bei ndogo kwa sababu tu "hata hivyo nitapata faida".

Ya tatu ni bei ya jirani, ile inayosikika barazani: "Ile ya kona imeuzwa mia na hamsini." Mara nyingi hiyo ndiyo bei iliyoombwa, si iliyolipwa. Ukitaka bei za kweli, waulize walioshuhudia mauziano: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwanasheria anayeandika mikataba eneo hilo, au muuzaji mwenyewe kama mnaheshimiana. Mtume mpwa wako aulizie nyumba kama yako kwa madalali watatu tofauti, ajifanye mnunuzi. Utashangaa tofauti kati ya bei wanayomtajia yeye na ile waliyokutajia wewe walipokuwa wakitafuta kazi.

Kama nyumba ni ya thamani kubwa, lipa mthamini aliyesajiliwa. Nchini Tanzania kazi hii ina bodi yake ya usajili chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016. Mwombe akupe makadirio mawili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka. Ya pili huwa chini, na ndiyo itakayokuonyesha kama ofa iliyopo ni dhuluma au ni bei ya mtu anayetaka kuuza mwezi huu.

Hesabu ya kusubiri

Turudi kwenye milioni 95. Tuseme unaamini kwamba ukisubiri mwaka mmoja utapata 105. Mtu akisikia hivyo tu atakwambia usubiri, milioni 10 si mchezo. Sasa tuipige hesabu yote.

Milioni 95 ukitoa udalali wa asilimia 5 (sh. 4,750,000) unabaki na 90,250,000. Ukiziweka benki kwenye akaunti ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, mwisho wa mwaka unazo 97,470,000.

Upande wa kusubiri: milioni 105 ukitoa udalali wa 5,250,000 unabaki na 99,750,000. Nyumba ni tupu, kwa hiyo umemlipa mlinzi 150,000 kwa mwezi, jumla 1,800,000. Masika yamevujisha dari na rangi ya nje imebidi irudiwe, 2,000,000. Kilichobaki ni 95,950,000. Umesubiri mwaka mzima, umepokea simu za watu wasionunua, na umepungukiwa na 1,520,000 kuliko yule aliyechukua ofa "ndogo".

Badilisha kitu kimoja tu. Tuseme nyumba ina mpangaji anayelipa 400,000 kwa mwezi, na mlinzi hahitajiki. Kabla ya kodi, pango la mwaka ni 4,800,000. Sasa kusubiri kunakupa 102,550,000, zaidi ya milioni 5 juu ya ofa ya leo. Nyumba ni ileile na ofa ni ileile, lakini jibu limegeuka. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyeuza kwake mwaka jana unaweza usikufae: hali yake ya kusubiri si yako.

Ongeza na madeni. Kama fedha ya nyumba inakwenda kulipa mkopo wa milioni 20 wenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kila mwezi wa kusubiri unakula 600,000. Hiyo ni 7,200,000 kwa mwaka, kabla hujazungumzia usingizi unaoukosa.

Kisha jiulize swali gumu zaidi: hiyo 105 imetoka wapi? Kama kuna mtu aliyewahi kuitaja na namba yake ya simu unayo, ni makadirio. Kama umeitoa kichwani, ni ndoto, na ndoto lazima ipunguzwe. Muuzaji mwaminifu kwa nafsi yake atasema: nafasi ya kupata 105 ndani ya mwaka ni nusu kwa nusu, na nisipoipata huenda nikauza kwa 90. Hesabu ikishafika hapo, 95 ya leo haionekani tena kama tusi.

Kuna jambo jingine madalali wanalijua vizuri. Tangazo jipya huvuta watu wengi, kisha hupoa. Nyumba iliyokaa sokoni mwaka mzima huanza kuulizwa ina nini. Wale waliokuja wiki za mwanzo ndio waliokuwa wakisubiri nyumba ya aina hiyo eneo hilo, na ofa yao, hata kama haikufurahishi, inaweza kuwa bora kuliko zitakazofuata. Mchagua nazi hupata koroma.

Kwa nini ni ndogo?

Kabla ya kujibu, tafuta sababu. Ofa ndogo hutoka mahali pane tofauti, na kila mahali pana jibu lake.

Huenda bei yako ndiyo kubwa. Kama watu kumi wamekuja na watatu wametaja kati ya 90 na 98 bila kujuana, soko limeshakwambia. Hapo mnunuzi hana kosa.

Huenda tatizo ni karatasi. Nyumba yenye hati miliki, yenye leseni ya makazi, na yenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa pekee haziuzwi bei moja hata zikiwa zimejengwa kwa ramani moja. Anayenunua kwa mkopo wa benki atahitaji hati, kwa kuwa benki haikopeshi juu ya karatasi ya mtaa. Ukiwa huna hati, unabaki na wenye fedha taslimu tu, nao wanajua kwamba wako wachache. Kama upimaji na urasimishaji wa mtaa wenu uko njiani, kukamilisha hati kabla ya kuuza kunaweza kukuongezea zaidi ya rangi mpya na geti la kisasa. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi nayo yalipe mapema, maana yatajitokeza tu siku ya kuhamisha umiliki.

Huenda tatizo ni eneo lenyewe. Mnunuzi wa Dar es Salaam anakumbuka mwaka 2017, nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara zilivyobomolewa kupisha hifadhi ya barabara. Anajua pia maji ya Msimbazi yanafika wapi mvua zikikolea. Kama nyumba yako iko karibu na barabara kuu au bondeni, ofa yake imeshakata bei ya hofu. Ukiweza kumwonyesha ramani ya upimaji inayothibitisha kwamba uko nje ya hifadhi, hofu inapungua na bei inapanda. Kama huwezi, elewa kwamba mnunuzi ajaye atakuwa na hofu ileile.

Au huenda anakupima tu. Wapo wanaotaja nusu ya bei kwa kila muuzaji wakitumaini kumpata mmoja mwenye shida. Hawa utawatambua haraka: hawaulizi kuhusu hati, mipaka wala maji. Wanauliza kwa nini unauza.

Swali hilo la mwisho lijibu kwa uangalifu. "Nahamia karibu na kazi" linatosha. Ukisema mtoto anahitaji ada ya chuo kabla ya mwezi kuisha, umempa mnunuzi tarehe yako ya kuishiwa nguvu, naye ataisubiri. Mwonye na dalali wako. Wengi hudhani wanasaidia wanaponong'ona, "Huyu mama ana shida, ongeza kidogo tu atakubali."

Ofa ya mteja au ya dalali?

Milioni 95 zilizotajwa kwenye simu si lazima ziwe ndizo zilizotoka mdomoni mwa mnunuzi. Cha juu ni desturi ya zamani: mteja amesema 103, wewe unaambiwa 95, na nane zinabaki katikati pamoja na udalali. Usiikatae wala kuikubali ofa ambayo hujaisikia kutoka kwa mwenye fedha. Mwambie dalali: "Mlete mteja wako, tuongee bei mbele yako, na asilimia yako iko palepale." Dalali mwaminifu hatapinga, kwa sababu haki yake haiguswi. Anayekwepa kila mara, mara mteja amesafiri, mara hapendi kukutana na watu, amekujibu.

Kiwango cha udalali kiandikeni mwanzoni. Mkiacha hivihivi, siku ya malipo watatokea madalali wanne, kila mmoja akidai ndiye aliyemleta mteja, na ofa yako ndogo itazidi kuwa ndogo.

Milioni 95 zipi?

Namba moja inaweza kuwa bei mbili tofauti kabisa. Zilinganishe ofa kwa masharti yake yote.

Swali la kwanza: nani analipa nini? Kwa Tanzania, muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi husamehewa ikiwa faida haizidi milioni 15. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa kawaida humwangukia mnunuzi. Kuna gharama za mthamini, mwanasheria na usajili. Ofa ya 95 ambayo mnunuzi anabeba gharama zote za uhamisho inaweza kukuachia fedha nyingi kuliko ofa ya 98 ambayo gharama zote ni zako. Kwa wasomaji wa Kenya hesabu hii ni nzito zaidi, kwani tangu Januari 2023 kodi hiyo ni asilimia 15 ya faida, na ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4.

Hapa pana mtego. Mnunuzi anaweza kupendekeza mkataba uandikwe milioni 60 ili kodi ipungue, nyingine akupe pembeni. Kataa. Thamani huthibitishwa na mthamini, kwa hiyo ujanja huo haufiki mbali, na ukitokea mgogoro huna karatasi ya kudai ile 35 iliyobaki. Badala yake tafuta risiti na mikataba ya mafundi wako, maana gharama unazoweza kuzithibitisha ndizo zinazopunguza faida inayotozwa kodi.

Swali la pili: zinalipwa lini na vipi? Mtu mmoja ana 95 zote, zinaingia benki ndani ya wiki mbili. Mwingine ana 110: 40 sasa, na zilizobaki kwa awamu ndani ya mwaka "mambo yangu yakikaa sawa". Wauzaji wengi humkimbilia wa 110. Tatizo ni awamu ya pili. Mnunuzi ameshahamia, amebadilisha kitasa, mkewe ameotesha maua, na simu yako haipokelewi. Ukienda Baraza la Ardhi na Nyumba, shauri linaweza kuchukua miaka, na wakati wote huo wewe huna nyumba wala fedha yako kamili.

Awamu zikibidi, funguo na hati zisitoke mikononi mwa mwanasheria mpaka senti ya mwisho iingie. Mkataba utaje tarehe za malipo na kitakachotokea kwa arabuni mnunuzi akishindwa. Asiyekubali sharti hilo hana milioni 110. Ana milioni 40 na maneno.

Swali la tatu: anaweza kununua kweli? Mwombe uthibitisho wa fedha, au barua ya benki kama ni mkopo. Mtu wa 95 mwenye fedha benki na mtu wa 104 anayesubiri kwanza auze kiwanja chake Kibaha hawako kwenye mizani moja.

Ukiwa na shida ya haraka

Yote haya yanadhani una nafasi ya kusubiri. Wapo wasio nayo: hospitali inadai, au benki imeshaandika barua.

Kama nyumba iko rehani, usingoje mnada. Kwa sheria ya Tanzania, ukishindwa kulipa, benki inapaswa kukupa notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza. Siku hizo ni zako kuzitumia. Nenda benki, omba ruhusa ya kuuza mwenyewe, mnunuzi alipe deni moja kwa moja benki na wewe upate kinachobaki. Muuzaji anayemtembeza mnunuzi vyumbani mwake mara nyingi hupata bei bora kuliko nyundo ya dalali wa mnada.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka kipimo ambacho hata asiye na mkopo anaweza kujifunza kwacho. Benki ikiuza mali iliyowekwa rehani kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa haikutimiza wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, mpaka ithibitishe vinginevyo. Kenya ina kanuni kama hiyo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Itumie kama kengele. Kama soko lako ni milioni 105, robo yake ni zaidi kidogo ya 26, kwa hiyo ofa iliyo chini ya 79 inakutaka ukubali bei ambayo hata benki ingetakiwa kujieleza kwayo. Ya 95 iko mbali na mstari huo.

Na kabla hujauza kwa bei ya hasara ili kutatua shida ya milioni 8, jiulize kama nyumba nzima ndiyo dawa. Kupokea pango la mwaka mzima kutoka kwa mpangaji, kuuza sehemu ya kiwanja kama upimaji unaruhusu, au mkopo wa SACCOS unaoulipa kwa mpango, kunaweza kukuvusha huku mali ikibaki yako. Shida ya muda mfupi haistahili kulipiwa kwa mali ya maisha, isipokuwa njia nyingine zote zimefungwa.

Nyumba ya ndoa, nyumba ya urithi

Ofa iwe nzuri kiasi gani, haina maana kama huna mamlaka ya kuikubali. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye hati ni moja. Mnunuzi mwerevu ataiomba ridhaa hiyo kwa maandishi. Zungumzeni bei ya chini kabisa nyumbani kabla ya mteja kufika, msije mkabishana mbele yake. Mnunuzi akiona baba anasema mia na mama anamkata jicho, ameshajua pa kusukuma.

Nyumba ya urithi ni ngumu zaidi. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, lakini nyuma yake kuna ndugu saba, na kila mmoja ana bei yake kichwani. Kwa kawaida anayeishi kwenye nyumba hataki iuzwe kwa bei yoyote, na mwenye deni anataka iuzwe kwa bei yoyote. Itisheni kikao, andikeni bei ya chini, kila mmoja asaini. Ofa ikifika kwenye bei hiyo na mmoja bado anasema ni ndogo, mpeni nafasi ya kwanza: anunue yeye kwa bei hiyohiyo na awalipe wenzake hisa zao ndani ya muda mliokubaliana. Akikataa kununua, naye amekiri kwamba bei si ndogo kama alivyosema.

Tahadhari moja kwa familia zenye nyumba za zamani Kariakoo, Ilala au Magomeni. Anayekuja kuangalia nyumba ya udongo na paa lenye kutu hanunui nyumba. Ananunua kiwanja, na kichwani mwake tayari kuna ghorofa na frem za maduka. Akilalamikia kuta zilizopasuka ili bei ishuke, mwacheni aongee, kisha bei ipigwe kwa kiwanja na mahali kilipo.

Namna ya kujibu

Usijibu siku hiyohiyo, na usitukane. Sema: "Nashukuru, nipe siku mbili nizungumze na wenzangu." Mnunuzi wa kweli atasubiri siku mbili.

Kisha rudi na bei pamoja na masharti, si bei peke yake. Ujumbe kama huu unatosha: "Ndugu yangu, 95 siwezi. Ukinipa 109, malipo yote kwa benki ndani ya siku 30 na gharama za uhamisho juu yako, tunafunga." Umeacha pa kusogea na umeonyesha mambo mengine unayoyathamini. Yeye akitaka bei ishuke zaidi, alipe ndani ya wiki mbili. Wewe ukihitaji kubaki mpaka watoto wamalize muhula, hiyo nayo ina bei, na pengine kwake haina gharama yoyote.

Akitaja kasoro, mlazimishe azipigie hesabu. Mazungumzo mazuri barazani huenda hivi:

"Mzee, paa hili lazima lifumuliwe. Ndiyo maana nimesema 95."

"Mwanangu, fundi ameshaliangalia, amesema milioni tatu. Toa tatu kwenye mia na tisa, tuanzie hapo."

Hoja ya paa haitaweza tena kubeba milioni 25. Imepata ukubwa wake halisi.

Jihadhari na "tukutane katikati". Kati ya 120 na 95 katikati ni 107.5. Angeanza na 80, katikati ingekuwa 100. Katikati huamuliwa na aliyetaja namba ya kwanza bila aibu, kwa hiyo si kipimo cha haki. Shuka kwa hatua zinazopungua: 120, kisha 112, kisha 109, kisha 108. Hatua zikipungua, mnunuzi anaelewa kwamba ukuta uko karibu. Ukishuka kumi kila akipiga simu, atapiga tena kesho.

Ukuta wenyewe uandike kwenye karatasi kabla ya mazungumzo kuanza, kwa kufuata ile hesabu ya kusubiri: kiasi cha chini kabisa kitakachoingia mfukoni mwako baada ya kila makato. Asiyeandika huuza kwa uchovu.

Ukubali au ukatae

Kubali, hata kwa moyo mzito, kama hesabu ya kusubiri haikupi zaidi ya ofa ya leo, ofa kadhaa zisizohusiana zimeangukia eneo lilelile, malipo ni kamili na ya haraka, na fedha ina kazi inayoeleweka. Kataa kama hujawaona wanunuzi wengine, nyumba inakuingizia kipato huku ukisubiri, kuna hati au barabara iliyo karibu kukamilika itakayobadilisha thamani, au mnunuzi anaharakisha ili usipate muda wa kumwona mwanasheria. Kama uko katikati, kataa namba na uendelee kushikilia mazungumzo. Ofa iliyokataliwa kwa heshima hurudi mara nyingi, na mara nyingine ikiwa imeongezwa.

Ukishakubali, usiendelee kupiga hesabu. Miaka miwili baadaye lami inaweza kupita mbele ya nyumba ile na mtu akakwambia imeuzwa kwa milioni 150. Uamuzi wako upimwe kwa uliyoyajua siku ile, na kwa yale ambayo fedha ile imekufanyia tangu hapo. Kwa sasa una kazi iliyobaki: mkataba kwa mwanasheria, ridhaa ya mwenza au ya warithi iambatishwe, arabuni ipite benki, na muda wa kukamilisha malipo uandikwe kwa tarehe. Siku arabuni inapoingia, mpigie kila dalali uliyempa kazi, umwambie tangazo lishuke.